Barua kwa mwanangu: usimwambie Bibi neno "kambo"

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikichambua mchicha. Nimefurahi kwamba halmashauri ya huko Leicester, Uingereza, imewakubalia wewe na mwenzio kumpokea mtoto. Sasa unataka kumpa Bibi habari, ila umekwama: "foster", yaani kumlea kwa muda mtoto usiyemzaa, ni Kiswahili gani? Kamusi ya simu imekupa "kambo".

Kamusi haikukosea. Hapa Tanzania watu wa ustawi wa jamii husema "malezi ya kambo", na nyumba inayompokea mtoto ni "familia ya kambo". Lakini Bibi yako hajui lugha ya ofisini. Kwake mama wa kambo ni mke wa baba, yule wa kwenye hadithi alizokuwa akiwatolea pale mkekani, anayemnyima mtoto mchuzi. Ukimwambia umekuwa mama wa kambo, swali la kwanza litakuwa: mumeo kazaa na nani?

"Kuasili" nalo liache. Kwanza, kwa masikio yake ya sasa atasikia umeasi. Pili, si ulichofanya. Kuasili ni jambo la mahakama: mtoto anatoka kisheria kwa waliomzaa, anakuwa wako moja kwa moja, huku na huko Uingereza pia. Huyu wako mama yake yupo, anaweza kurudi kwake mwezi ujao au mwakani, na halmashauri inakupa posho ya kumtunza. Na Bibi, unavyomjua, atakukumbusha aya ya 5 ya sura ya Al-Ahzab, kwamba watoto waitwe kwa baba zao. Mwambie mapema: jina la mtoto halijaguswa.

Ukilichimba neno lenyewe, ni la jikoni. Katika Kiingereza cha kale "fostor" ilikuwa chakula, ukoo mmoja na "food", na kitenzi chake kilikuwa kulisha. Ndiyo maana zamani "foster-brother" aliweza kuwa mtu mliyenyonya ziwa moja bila kuzaliwa tumbo moja. Sisi tunamwita ndugu wa kunyonya, na kwetu huyo hata kuoana naye huwezi.

Kutoka kulisha likaenda kwenye kukuza chochote. Waingereza wana-"foster" amani, vipaji, hata chuki. Hapo "kulea" linatembea nalo bega kwa bega: tunalea kipaji, tunalea mimba, tunalea uvivu, na mwenye kidonda asiyekwenda zahanati tunamwambia analea ugonjwa. Zinapoachana ni kwa mtoto. Mwingereza akisema ana-"foster" mtoto, umeshajua si wa kumzaa. Kwetu kulea hakubagui. Nimekulea wewe niliyekuzaa, nikamlea na Bakari wa shangazi yako, aliyekuja kutoka kijijini ana miaka 7 kwa sababu shule kule ilikuwa mbali. Alikaa miaka tisa. Hakuna aliyetafuta jina la jambo lile. Alikuwa anakaa kwetu, basi.

Kwa hiyo mwambie Bibi hivi: "Bibi, nalea mtoto wa watu." Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayofanya kazi yote ya "foster". Mtoto wa watu ana wenyewe. Unamlisha, unamwogesha, unamkanya, lakini huna ruhusa ya kumsahaulisha kwao, na akiumia utaulizwa. Bibi alikuwa akiniambia "mtoto wa watu huyo" kila nilipompandishia Bakari sauti.

Halafu jiite mlezi, usijiite mzazi. Waingereza wenyewe wamefika hapo: makaratasi yao siku hizi yanapenda "foster carer" kuliko "foster parent", kwa kuwa wazazi mtoto anao. Miaka 27 nimefundisha Kiingereza, na hapa ndipo nilipojisikia raha kidogo. Mzazi na mlezi tumezitenganisha siku nyingi. Kila kikao cha shule barua ilikuja "kwa mzazi au mlezi", na ya Bakari nilikata la kwanza kwa kalamu nyekundu.

Yeye mtoto akuite nini? Usimlazimishe "mama", analo lake. Jina lako linatosha, au Anti.

Bibi mpigie Ijumaa baada ya adhuhuri, akishakula. Andaa jibu la swali lake la pili, maana hatauliza habari za mahakama. Atauliza mtoto anakula nini. Na mimi nataka kujua, kwa sababu jirani anasafiri kuja huko mwisho wa mwezi na ninaweza kumpa unga kilo mbili.

Mama yako,
Tanga