Tamthilia ya kwanza: acha kuelezea, waache watende

Mdogo wangu, umesema una stori ya ndugu wawili wa Kibosho, kule Kilimanjaro, wanaogombania kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, cha marehemu baba yao, ila kila ukianza kuandika inageuka hadithi. Ni kwa sababu unaandika mhusika anawaza nini, na jukwaani mawazo hayaonekani, mtu aliyekaa kiti cha nyuma anaona kinachofanyika na kusikia kinachosemwa, basi. Usiandike kwamba kaka mkubwa ana tamaa. Muingize na kamba mkononi, aanze kupima kwenye migomba bila hata kusalimia, mdogo wake amesimama anamwangalia, mama anaendelea kuchuja mbege, pombe ya ndizi, kama hajaona kitu. Hapo hakuna aliyefungua mdomo na watu tayari wameshaelewa kuna vita!

Halafu chagua siku moja tu, mfano Desemba ukoo mzima umerudi nyumbani, kila kitu kitokee hapo uani, maana kila ukibadilisha mahali kuna watu wanahamisha viti gizani, na wahusika wakizidi watano sijui waigizaji utawatoa wapi. Mambo ya zamani yatoke kwenye maneno ya ugomvi wenyewe.

Tafuta tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, uone mazungumzo yanavyobeba stori.

Ukimaliza onyesho la kwanza ita washkaji wasome kwa sauti, wewe nyamaza usikilize, sentensi inayowakwamisha ulimi ifupishe. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja hivi jukwaani, kwahiyo kurasa 30 zinakutosha kabisa kwa kuanzia.