Kibanda cha darubini cha mbao juu ya mawe ya Mwanza: anzia kwenye jabali, sio kwenye ramani

Tangu tumalize kile kibanda cha kutazamia nyota kule kilimani upande wa Usagara, kila anayenipigia anauliza kitu kimoja, kwa nini mbao bwana, mchwa si watakimaliza? Haya ngoja niseme yote hapa hapa.

Tofali na zege vinakunywa jua kutwa nzima halafu usiku vinalitoa pole pole, na ile hewa ya moto ikipanda mbele ya darubini basi nyota zinachezacheza tu, huoni cha maana. Mbao inapoa fasta. Ila kwetu Mwanza hata ukijenga kwa mbao bado una haya majabali ya graniti, ambayo ukiyakalia saa mbili usiku ni kama umekalia jiko lililotoka kuzimwa, kwa hiyo usilaze sakafu juu ya jiwe. Inua. Mimi niliinua juu ya miguu ya mbao karibu mita moja, upepo upite chini, na usije ukakubali mtu akuzibie ile nafasi eti apate stoo.

Sasa jabali lenyewe. Kabla ya kuchora chochote panda na nyundo ugonge jiwe zima, graniti huwa inabanduka magamba, sehemu nzima inalia kali na sehemu iliyobanduka inalia bwebwebwe kama iko tupu ndani, hapo usitoboe. Ukipata pazima unatoboa, unaingiza nondo na grauti (uji mzito wa saruji wa kuishikilia), halafu unasimamisha nguzo ya darubini, na hii nguzo ISIGUSE sakafu hata kidogo. Kwenye sakafu acha tundu linaloizunguka nguzo na nafasi ya vidole vitatu. Kupima ni rahisi, weka glasi ya maji juu ya nguzo mwambie kijana arukeruke sakafuni. Kwetu maji yalitetemeka, tukahangaika weee, kumbe fundi mmoja kwa roho safi kabisa alichomeka kipande cha papi, yaani kijiti chembamba cha mbao, pale kwenye nafasi "ili isicheze". Kutoa kile kipande, maji yakatulia.

Mbao gani? Mteja wangu alitaka mninga na hela anayo. Nikamwambia mzee, mninga ni mti wa porini, unachukua miaka mingi mno kukomaa na hakuna anayeupanda kwa kasi tunayoukata, wakati paini ya shambani inavunwa na kupandwa tena, ipo ya Sao Hill kule Mafinga na karibu zaidi kuna shamba la Rubya hapo Ukerewe. Popote utakaponunua dai vibali vya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, asiyekuwa navyo achana naye hata kama bei tamu. Halafu mbao ya yadi mara nyingi bado mbichi, ipange kivulini na papi katikati hewa ipite, upime unyevu mpaka ushuke kwenye asilimia 12 hadi 15 hivi. Usifanye haraka hapa kwa sababu paa ni la kusukuma, linatembea kwa magurudumu juu ya chuma cha pembe, ubao mmoja wa inchi mbili kwa sita ukijipinda tu paa linakwama na mvua inakuja. Na weka komeo za kulibana, upepo wa ziwani ukiamka unabeba bati lote.

Mchwa sasa. Nunua mbao iliyoshindiliwa dawa kwa presha kama nguzo za umeme, ile ya kupakwa kwa brashi haiingii ndani, na kila mguu ukae kwenye kiatu cha chuma. Uzuri wa jabali tupu ni kwamba mchwa hana pa kujificha, lazima ajenge njia yake ya udongo hadharani, mlinzi akipita na fagio kila wiki imetosha.

Radi ndio niliiogopa zaidi maana ngurumo za ziwani usiku mnazijua. Mtego wa radi unahitaji udongo, kwenye graniti huwezi kupigilia fimbo ya ethi, ile ya kupeleka umeme wa radi ardhini, kwa hiyo tulishusha waya wa shaba mpaka bondeni kwenye udongo wenye unyevu. Hiyo gharama iweke kwenye bajeti mapema, waya wa shaba sio bei ya mchicha.

Taa ndani ziwe nyekundu na hafifu, macho yanabaki yamezoea giza, na hutaki taa nyeupe iite wale wadudu wa ziwani wanaotoka kama wingu, wakiingia kwenye vioo utajuta. Matundu ya hewa yapige nyavu zenye vitundu vidogo sana.

Mwisho, kabla hujaagiza darubini, sisi tuko kama nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Zile stendi zenye mhimili wa kufuata nyota, mhimili wake hapa unatakiwa ulale karibu sawa na ardhi na nyingi hazishuki hivyo, zinagoma. Chukua ile ya kwenda juu-chini na kushoto-kulia, na uijue kabla hujamwaga nguzo, maana urefu wa nguzo unategemea hiyo.