Kuba la Nyota Uani

SWALI: Nyumba niliyonunua ina kuba la kutazamia nyota, lililojengwa na mtu binafsi. Historia yake nianze kuitafuta wapi?

JIBU: Anzia kwenye darubini yenyewe. Mulika tochi ukingo wa lenzi au mgongo wa kioo. Mara nyingi fundi huchonga hapo jina na mwaka. Usisugue kioo, utando wake wa fedha hutoka upesi. Picha za zamani zilizopigwa kutoka angani zitaonyesha kuba lilijengwa kati ya miaka gani.

Ukipata daftari la mtazamaji, shukuru, ila chunga tarehe: kabla ya 1925 siku ya wanaastronomia ilianza saa sita mchana, hivyo tukio la saa nane usiku huandikwa kwa tarehe ya jana yake.