Jibu: Hizo sahihi milioni za kupinga nyuklia mtazipeleka wapi?

Mkuu, simama hapo hapo. Usimlipe huyo mtaalamu hata mia.

Umeandika mnataka sahihi milioni moja "kwa viongozi wa dunia", mtu wa mitandao ameshawapa bei ya kuwapandisha, mnazindua 26 Septemba, na unauliza programu ya kusainisha, nembo na namna ya kuwavuta vijana. Hiyo filamu naijua, maana na mimi niliigiza humo na ukumbi nikalipia.

Kampeni yetu ilisema: "Tunaitaka dunia iachane na silaha za nyuklia." Tamu, nani atakataa? Mtaalamu wetu, kijana wa raba nyeupe na maneno mengi, akatuhakikishia kwamba mbunge akiona namba anatetemeka. Michango ya wanachama ikaishia kwake. Halafu akaja na ubunifu: kila anayesaini anarushiwa bando. Ebwana, majina yalifurika! Tukapiga picha tunacheka.

Tukapata nafasi kwa mbunge mmoja, tukamwekea rundo la karatasi mezani. Akafungua katikati, akapitisha kidole taratibu. "Huyu Yanga Damu kasaini mara nne, ni mtu mmoja au ukoo?" Kisha akauliza wangapi ni wa jimbo lake. Fomu yetu haikuwa na sehemu ya jimbo, ilikuwa na sehemu ya mtandao wa simu, ili bando lifike. Akauliza tena: "Sasa mnataka mimi nifanye nini?" Tukatazamana. Mwenzangu akajikakamua: "Utuunge mkono, mheshimiwa." Akasema anatuunga mkono, akaturudishia karatasi zetu, kikao kikaisha hata chai haijapoa.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba cha kufanya alikuwa nacho. Tanzania ilikuwa imeshatia saini Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia tangu 26 Septemba 2019, tarehe hiyo hiyo unayotaka kuzindulia. Kilichobaki ni kuridhia, yaani nchi kukubali rasmi kufungwa na mkataba, na kuridhia mikataba ni kazi ya Bunge, soma ibara ya 63(3) ya Katiba. Mwenye kura kakaa mbele yetu anatafuna andazi, sisi tunamwomba akawaambie Washington na Moscow! Mtaalamu hakuwahi kututajia hilo neno kuridhia. Nadhani angelisikia angedhani ni jina la binti.

Kwa hiyo kabla hujakusanya jina hata moja, andika sentensi moja ambayo mtu mmoja, unayemjua kwa jina na cheo, anaweza kuijibu ndiyo au hapana. Ukishindwa kuiandika, huna kampeni, una kundi la WhatsApp.

Na usinijibu kwamba vinchi vyetu havina uzito. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika iwe eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulisainiwa Cairo mwaka 1996 ukabaki unasubiri nchi ya 28 iridhie ndipo uanze kutumika. Hiyo ya 28 ilikuwa Burundi, Julai 2009. Na ule umati wa New York uliotutolea mfano, watu kama milioni Central Park Juni 1982, ulitanguliwa na kazi isiyopigwa picha. Randall Forsberg, mtafiti wa Marekani, aliandika wito mwaka 1980: Marekani na Sovieti zisimamishe kujaribu, kutengeneza na kusimika silaha hizo. Basi. Machi 1982 vijiji vya Vermont, jimbo la Marekani, vikaupigia kura kwenye mikutano yao ya kila mwaka, na Mei 1983 Baraza la Wawakilishi la Marekani likapitisha azimio la namna hiyo. Umati ulikuta ombi limeshaandikwa.

Namba za simu za watu nazo zina sheria yake tangu 2022, ya ulinzi wa taarifa binafsi, msizigawe ovyo kwa huyo bwana. Anayekuuliza nyuklia inatuhusu nini mwambie sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, hapo Kongo.

Nembo? Sisi tulichora wingu la uyoga kwenye fulana. Kariakoo nikaulizwa kilo shilingi ngapi.

Uliuliza na mengine, yamenitoka. Nijibu wewe kwanza: mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama kwa sasa ni nani?