Nyumba ya watu sita na mfereji wa usiku

Juzi msomaji mmoja wa Mwera, hapa hapa Unguja, bibi harusi wa mwaka huu, kaniandikia kuwa mfereji wao unatoka usiku tu, tena siku moja moja, na mumewe kachoka kununua maji ya gari. Anauliza nyumba ya watu sita naiendeshaje. Namjibu hapa, maana najua wengi mmo humo humo kiangazi hiki, vuli yenyewe ilikuwa haba.

Kwangu Jang'ombe mfereji ukianza kukoroma, hata usiku wa manane, watoto wanaamka wenyewe. Kwanza pipa la kunywa na kupikia, la chooni baadaye. La kunywa lina kifuniko na kata yake ya mpini mrefu, mkono hauingii ndani. Kuoga ni nusu ndoo na kopo. Maji niliyooshea mchele naroweka masufuria, ya suuzo la mwisho la nguo yanakwenda chooni. Hakuna maji yanayofanya kazi moja yakamwagwa.

Kwa haya haya wifi yangu alinisema mbele ya watu, kwenye hitima, kwamba kwangu mgeni hupimiwa maji ya kunawa. Niliumia, na bado naumia. Mgeni wangu hufuatwa na birika na bakuli pale alipokaa, kama tulivyolelewa. Leo wanawe ndio wanaokuja na madumu, na nawajazia.

Jamani, israfu si ya pesa peke yake. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa kibaba kimoja, na akioga kwa pishi, yaani vibaba vinne, mpaka vibaba vitano. Kibaba hicho hakifiki lita. Sisi tunafungulia mfereji ukatiririka tangu kusukutua mpaka miguu! Tieni udhu kwa kopo. Na mfereji unaodondoka utengenezwe leo: tone moja kila sekunde ni kiasi cha lita 20 kwa siku, yaani dumu zima.

Wala tusijitape kwa visima. Unguja hatuna mito mikubwa. Tunakunywa mvua iliyozama kwenye jiwe la matumbawe, na maji hayo matamu yamekaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Waulizeni watu wa pwani ya mashariki.

Sasa dada yangu wa Mwera, masika hayako mbali. Paa la bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 linateremsha kiasi cha lita 800. Mvua ya mwanzo iachie ioshe paa, inayofuata ikinge. Mwambie mumeo pesa ya gari la maji linalofuata anunulie mlizamu na pipa lenye kifuniko, na fundi apande juu kabla ya mwezi wa tatu.