Marejesho ya kila wiki kwa duka linalosubiri korosho

Swali: Nina duka la vyakula Newala. Mwezi Machi niliomba mkopo wa shilingi 2,000,000. Taasisi ya kwanza ilinikatalia kwa sababu sina hati ya nyumba na mzunguko wa fedha zangu ni mdogo. Ya pili imekubali, ila nianze kurejesha kila wiki, siku saba baada ya kupokea fedha. Je, nikubali?

Jibu: Mama, kwa masharti hayo na kwa mwezi huo, ningekushauri usikubali.

Tatizo lako kubwa ni kalenda, na dhamana inafuata nyuma yake. Wateja wako ni wakulima ambao korosho zao huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupeleka mazao ghalani na kupewa risiti hadi yauzwe, kuanzia mwezi Oktoba, kisha malipo huingia kwenye akaunti zao za benki. Kabla ya hapo wanachukua unga na sukari kwa daftari. Afisa mikopo aliyekagua mauzo yako mwezi Machi aliona duka linalokopesha kuliko linavyouza, na sikushangaa alipokataa. Nami nilipokuwa katika kazi hiyo niliwakataa wengi wa namna yako kabla sijajifunza kuuliza habari za msimu. Marejesho ya kila wiki yanamfaa muuza samaki wa soko la Feri, ambaye fedha yake inarudi jioni ile ile. Wewe utalazimika kuyalipa kwa mtaji wenyewe, na ifikapo Oktoba, wateja watakapokuwa na fedha mkononi, rafu zako zitakuwa tupu.

Omba upya mwezi Agosti au Septemba, ukipendekeza mwenyewe kwamba marejesho yaanze Novemba au Desemba na yawe ya mwezi. Peleka daftari la mauzo la misimu miwili, daftari la madeni likionyesha nani alilipa na lini, pamoja na taarifa ya miamala ya simu, kwa maana bila maandishi hayo msimu wako ni hadithi tu mbele ya kamati ya mikopo.

Kuhusu riba, usiulize asilimia peke yake. Kwa mkopo wa shilingi 2,000,000 wa miezi sita kwa asilimia 3 kwa mwezi, riba inayokokotolewa kwa mkopo wote wa awali hufikia shilingi 360,000. Ikikokotolewa kwa salio linalopungua, huku mkopo wenyewe ukirejeshwa kwa mafungu sawa, ni shilingi 210,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni shilingi 150,000.

Kama una shamba la mikorosho kijijini, hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayotolewa na kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaweza kupokelewa kama dhamana, ingawa si kila mkopeshaji huikubali. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza.

Ulizia pia halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4 kati ya hizo 10. Mikopo hiyo hupitia vikundi, kwa hiyo chagua wenzako kwa uangalifu kuliko unavyochagua mkopeshaji. Na yeyote anayetaka umwachie kadi ya benki na namba ya siri, mkatae, hata kama fedha anakupa leo hii.