Swali la wiki: Kamera nzuri au maiki nzuri?

Mmeuliza: mtengeneza filamu mwenye fedha kidogo aanze na kamera au na sauti? Aanze na sauti. Si kwa sababu tu mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kuliko maneno yasiyosikika, ingawa hilo nalo ni kweli. Kubwa zaidi ni kwamba sauti huonyesha vitu ambavyo huna fedha za kuvipiga picha.

Mwongozaji filamu Fritz Lang alilijua hilo mapema. Katika *M*, filamu yake ya kwanza yenye sauti, iliyotoka Ujerumani mwaka 1931, mama anamwita bintiye Elsie ambaye hajarudi kutoka shule. Tunasikia jina likiitwa. Tunachoona ni ngazi tupu, chumba cha darini chenye nguo zilizoanikwa, sahani isiyo na mlaji mezani. Kisha sauti inakatika. Mpira unabingirika kutoka kichakani, puto limenasa kwenye nyaya. Mauaji hayaonyeshwi, lakini hakuna mtazamaji anayeuliza mtoto kapatwa na nini. Muuaji naye tunamjua kwa mluzi wake hata akiwa nje ya fremu, na anayekuja kumtambua kwa mluzi huohuo ni muuza maputo asiyeona.

Sasa lete hesabu hiyo nyumbani. Mama kaketi sebuleni usiku, simu iko mapajani, anamsubiri kijana wake. Picha moja ya karibu, sekunde 20. Weka mvua juu ya bati: anahofia barabara. Toa mvua, weka jogoo na adhana ya alfajiri kwa mbali: amekesha. Au weka bodaboda inayokaribia, inapunguza mwendo, inanguruma pale nje sekunde 3, inazimwa. Hakuna anayebisha hodi. Uso ni uleule, mwigizaji hakupepesa hata ukope, lakini ukumbi mzima unautazama mlango ambao haumo kwenye picha.

Bodaboda hiyo isianze pamoja na picha ya mama. Ianze juu ya picha iliyotangulia, sekunde moja na nusu au mbili kabla ya kukata, yaani kabla ya kuhamia picha ya mama. Sikio likishafika, jicho hufuata lenyewe na mkato hauonekani.

Kinachoua onyesho kama hili ni kile kinanda cha huzuni kinachotandazwa mwanzo hadi mwisho. Kinamwambia mtu alie kabla hajajua analilia nini, tena kinaifunika injini. Muziki ukiwa wa lazima, uingie injini ikishazimwa. Na penye maneno uwe chini yake kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 au zaidi.

Kwenye kurekodi ndiko wengi wanakoharibu. Maiki ya kamera iliyo mita 3 kutoka mdomoni hunasa chumba, si mtu: kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa kuta na vigae hubaki karibu palepale. Chukua maiki iliyo peke yake, uisogeze hadi nusu mita, juu ya kichwa nje kidogo ya fremu, ikielekea kifuani. Kwenye kipimo cha kinasa sauti, vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli -12, visiguse 0, maana sauti iliyopasuka hairudi. Zima feni na friji. (Funguo za gari ziweke ndani ya friji hiyo, hutaondoka ukasahau kuiwasha.) Kabla ya kufungasha, wote wasimame kimya palepale walipo, urekodi sekunde 60 za chumba chenyewe. Bila hizo, mhariri akitoa kikohozi katikati ya maneno, panabaki shimo la ukimya mfu, na mtazamaji hushtuka bila kujua kimemshtua nini.

Kwa upande wa picha, simu ya kawaida inatosha, ila iangalie mipangilio yake. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa hupepesa mara mbili), kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye fremu (picha) 30 kwa sekunde. Kwa shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/60, mistari ya giza hutembea ukutani. Weka fremu 25 na shata ya 1/50. Mistari hiyo ikipita nyuma ya mama wakati injini inazimwa, macho yote yanahamia ukutani, na bodaboda imekuja bure.